Nitumie Ngoma, Nikutumie Sauti

Mwaka 2004 ilitoka albamu ya muziki wa kufokafoka iitwayo Connected. Walioitengeneza ni watu wawili ambao hawakuwa wamewahi hata kupeana mkono. Mmoja, anayejiita Nicolay, alikuwa kwao Uholanzi na kompyuta yake na vinanda vyake. Mwenzake, Phonte, alikuwa North Carolina, Marekani, ambako tayari alishajulikana kupitia kundi la Little Brother. Wa Uholanzi alipika biti, akaituma kwa intaneti. Wa Marekani akaipokea, akaiandikia maneno, akafoka juu yake, akairudisha. Wakaenda hivyo hivyo, nenda rudi, mpaka albamu ikaisha. Kuonana uso kwa uso kulikuja baadaye, kazi ikiwa imeshakamilika.

Wakajiita The Foreign Exchange. Sisi wa mjini jina hilo tunalifahamu kwenye vibao vya maduka ya kubadilisha fedha: unatoa zako, unapewa za kigeni, unahesabu mara mbili mbele ya dirisha usije ukapunjwa. Wao walibadilishana sauti. Ni jina la utani lililokaa sawasawa, na nadhani linatupa pia swali la kuiulizia kazi yenyewe. Je, kila mmoja alipata thamani ya alichotoa?

Ndugu msomaji, sababu ya kuichambua albamu ya zamani namna hii ni kwamba walichofanya wale wawili kwa tabu sasa kinafanywa na kila mwenye simu. Ipo programu iitwayo BandLab, asili yake Singapore, haina kiingilio, na mwaka 2024 wenyewe walitangaza kwamba waliojiandikisha wamepita milioni 100. Unafungua kazi yako, unamwalika mwenzako popote alipo, yeye anaongeza gitaa lake, wewe unarudi kuongeza sauti, mwingine anapiga besi. Wote mnashika faili moja. Na homa hiyo haikuishia kwa wanamuziki. Hapa kijiweni petu kuna wenzangu watatu wanaotaka tuandike riwaya kwa mtindo huo huo, sura moja huku, sura nyingine Mwanza, tukutane kwenye simu. Wanasema kama muziki umeweza, riwaya itashindwaje?

Sikatai. Ila kabla ya kushangilia nataka tujue muziki umeweza nini hasa.

Kwanza tuondoe uongo mmoja. Wapo wazee wa muziki wanaolia kwamba kompyuta imewatenganisha watu, eti zamani bendi ilikaa chumba kimoja, ikapiga, ikarekodiwa. Ni kweli, lakini utengano ulianza kitambo, siku ile mashine ya kurekodi ilipoweza kuweka ngoma kwenye njia yake na sauti kwenye njia yake. Tangu hapo mpiga besi angeweza kuja Jumatatu na mwimbaji Ijumaa. Hata studio zetu za Bongo Fleva zimeishi hivyo miaka yote: biti inapikwa kwanza, msanii anasubiri zamu yake nje kwenye benchi, anaingia, anatema mistari, anatoka, na wakati mwingine yule wa kiitikio hamjui hata kwa sura. Kwa hiyo kutoonana si jambo geni. Intaneti imekuja kurefusha umbali tu.

Na si lazima hata iwe intaneti. Mwaka 2003, mwaka mmoja kabla ya Connected, ilitoka albamu ya Give Up. Jimmy Tamborello alikuwa Los Angeles, Ben Gibbard alikuwa Seattle, wakawa wanatumiana kanda kwa posta ya kawaida, bahasha na stempu. Wakajiita The Postal Service, yaani Huduma ya Posta. Basi Shirika la Posta la Marekani likawaandikia barua kwamba jina hilo ni lake, waliache! Mambo yakaisha kwa mapatano, wakaruhusiwa kulitumia, na posta yenyewe ikauza albamu yao. Nakitaja kisa hiki kwa sababu kinanifurahisha, lakini pia kwa sababu kinaonyesha kuwa chombo cha kutumiana si hoja. Hoja ni kile kinachotokea mzigo ukifika.

Sasa turudi kwenye Connected.

Nguvu ya albamu hii ni utulivu. Vinanda vya Nicolay ni laini, vina joto, kama taa ya sebuleni usiku, halafu chini yake ngoma imekaza. Phonte naye hafoki kama mtu aliye jukwaani akitaka kupigiwa makofi. Anafoka kama mtu anayezungumza na nafsi yake akiwa jikoni: kazi, mapenzi, uchovu wa mtu mzima anayetafuta maisha. Wimbo kama "Sincere", anamosikika Yahzarah, au "Come Around", anamosikika Darien Brockington, hauna haraka hata kidogo. Kwa maoni yangu utulivu huo una uhusiano na umbali. Anayetumiwa biti anaweza kuisikiliza mara mia bila mwenye biti kumkodolea macho. Hakuna saa ya studio inayolipiwa, hakuna wapambe kwenye kochi, hakuna mtu wa kumwambia "ndiyo, hiyo hiyo, twende!" kabla neno halijaiva. Hali hiyo sisi waandishi tunaijua. Ndiyo hali yetu ya kila siku, peke yako na karatasi. Nadhani ndiyo maana albamu hii inawaingia watu wa vitabu kirahisi.

Lakini umbali huo una bei, na bei inasikika. Biti imefika ikiwa imekamilika au karibu kukamilika. Phonte anaisikia biti. Biti haimsikii Phonte. Kuna mahali anapandisha, maneno yanachemka, sikio langu linataka ngoma ifanye kitu, ivunjike, inyamaze mpigo mmoja, imjibu. Haifanyi. Inaendelea na mwendo wake ule ule, kama dereva wa daladala aliyewasha redio na hataki kuongea na abiria. Katika chumba kimoja mpiga ngoma angeona bega la mwimbaji likipanda akajua. Hapa hakuna bega la kuona.

Ulinganishe sasa na albamu yao ya pili, Leave It All Behind, ya mwaka 2008. Nicolay alikuwa ameshahamia North Carolina. Phonte huku anaimba kuliko kufoka, na muziki unamwachia nafasi, unapungua anapoingia, unajaa anapotoka. Wimbo wa "Daykeeper", walioufanya na Muhsinah, uliingia kwenye kinyang'anyiro cha tuzo za Grammy za mwaka 2010. Mtu atasema: umeona, walipokuwa jirani wakafanya vizuri zaidi! Mimi sisomi hivyo. Wako majirani wengi mitaani kwetu wanaorekodi chumba kimoja na bado kila mtu anapiga wimbo wake. Kilichobadilika, nadhani, ni kwamba wale wawili walikuwa wameshajibizana miaka kadhaa. Nicolay alishajua sauti ile inaelekea wapi kabla haijafika, akawa anaipikia yenyewe. Hapo ndipo kutumiana kunapogeuka mazungumzo: pale unachotumiwa kinapokulazimisha ubadilishe unachotuma.

Na hapa naomba niwakumbushe vijana wenzangu kwamba jambo hili sisi wa Kiswahili hatukufundishwa na kompyuta. Mwanzoni mwa karne ya 19 Muyaka bin Haji alikuwa Mombasa, Bwana Zahidi Mngumi alikuwa Lamu, miji yao ina ugomvi mkali, na mashairi yakawa yanavuka bahari, hili linakwenda, lile linajibu. Baadaye likaja jarida la Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, ambamo mshairi wa pembe moja aliweza kutega fumbo na mshairi wa pembe nyingine akalitegua, na huenda wasionane mpaka kaburini. Waliita malumbano. Na desturi ya malumbano ni kali: ukijibu, unajibu kwa bahari ile ile, vina vile vile, mizani ile ile. Hushuki na mambo yako. Mwenzako amekuwekea mlango wa upana fulani, nawe unapita hapo hapo, ila ukiwa ndani unaruhusiwa kumpindua.

Tazama basi maajabu. Mwaka 2005 ilitolewa programu iitwayo NINJAM, na kampuni ya Cockos ya Justin Frankel, yule aliyetengeneza Winamp. Hii shabaha yake ilikuwa ngumu zaidi kuliko kutumiana faili: watu wapige pamoja, saa ile ile, kila mtu kwao. Ugumu wake ni wa maumbile. Sauti hewani huenda kama mita 340 kwa sekunde. Ukisimama mita 10 kutoka kwa mpiga ngoma, mpigo unakufikia umechelewa karibu sekunde 0.03, na hapo tayari wapigaji huanza kukosana. Ndani ya nyaya za vioo mwanga huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Uholanzi mpaka North Carolina ni zaidi ya kilomita 6,000, kwa hiyo hata njia ikiwa safi kabisa zile sekunde 0.03 zimeshaliwa na safari peke yake, kabla hujahesabu mitambo ya katikati. Na jibu lako nalo linasafiri. Hakuna fundi atakayeuondoa ucheleweshaji huo, maana mwanga ndio mwendo wake.

NINJAM ikafanya ujanja wa mtu mzima. Badala ya kupigana na ucheleweshaji, iliuongeza! Mnakubaliana mwendo na urefu wa kipande, tuseme mapigo 16. Wewe unapiga mapigo 16 ya sasa huku unasikia yale 16 waliyopiga wenzako katika kipande kilichopita. Wao wanasikia ya kwako katika kipande kinachofuata. Ukipiga kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, mnaishi mkiwa mmeachana kwa sekunde 8 kamili, na kwa kuwa kila kitu kinaangukia mahali pake kwenye duara, muziki unashika.

Mapigo 16! Mtu yeyote aliyekalishwa darasani akahesabu mizani ya shairi, nane na nane, atacheka. Ni malumbano matupu. Hupigi na mwenzako, unapiga juu ya alichokwisha kusema. Na kuna jambo la kuogofya kidogo humo ndani, ambalo mwandishi hawezi kulipita bila kusimama: kila mmoja anasikia wimbo tofauti. Mimi nasikia gitaa langu la sasa na ngoma yako iliyopita. Wewe unasikia ngoma yako ya sasa na gitaa langu lililopita. Tumepiga pamoja saa nzima na hakuna hata mmoja wetu aliyesikia kitu alichosikia mwenzake. Mimi hapo naiona riwaya nzima: ndoa ya watu wawili wanaojibizana juu ya maneno ya jana. Lakini nisitoke nje ya mada.

Si kila kazi ya mbali ni mazungumzo. Mwaka 2010 Mmarekani Eric Whitacre alikusanya waimbaji 185 kutoka nchi 12, kila mmoja akajirekodi kwa video peke yake chumbani, wakaunganishwa wakaimba utunzi wake wa "Lux Aurumque". Inapendeza. Unaona nyuso zile nyingi, unaguswa. Ila tuseme ukweli, aliyekuwa akisikilizwa ni mmoja tu. Wote walimfuata kiongozi kwenye video iliyorekodiwa kabla, naye hakumsikia hata mmoja wakati akipunga mikono. Hiyo ni kwaya, na kwaya ni kazi ya heshima. Lakini usiniambie watu 185 walitunga.

Halafu kuna duka. Hapa ndipo roho inaniuma kidogo. Mwaka 2018 kijana wa Atlanta, Lil Nas X, alinunua biti kwa dola 30 kwenye soko la mtandaoni liitwalo BeatStars. Aliyeipika alikuwa kijana mwenzake, YoungKio, wa Uholanzi. Unaona, Uholanzi na Marekani tena, kama Nicolay na Phonte! Lakini hawa hawakutumiana kitu. Mmoja aliweka bidhaa rafuni, mwingine akalipa akaondoka nayo. YoungKio hakujua biti yake imefanywa nini mpaka alipokutana nayo mtandaoni ikiwa imeshaanza kuvuma. Ndiyo "Old Town Road", iliyokaa namba moja Marekani wiki 19 mfululizo mwaka 2019. Na banjo ile unayoisikia mwanzoni ilitoka kwenye kazi ya Nine Inch Nails ya mwaka 2008, kwa hiyo Trent Reznor na Atticus Ross nao majina yao yakaandikwa kwenye wimbo. Kundi zima la watunzi, na walipokuwa wakitunga hakuna aliyekuwa akimsikiliza mwenzake!

Sitasema ni wimbo mbaya. Ni mtamu, una utundu, na wahusika walipata haki yao ya jina na fedha, jambo ambalo kwetu huku bado ni ndoto kwa wapika biti wengi. Lakini ukiuliza biti ilijibu nini kwa sauti, jibu ni hakuna. Haikuwa na nafasi. Ilikuwa imeshauzwa.

Hatari ya programu hizi mpya, kwa jicho langu, ni kwamba mazungumzo na duka zinafanana kwa sura. Kote ni faili inakuja, faili inaondoka. BandLab ina njia ya kuchukua kazi ya mtu, mwenyewe akiruhusu, ukainakili na kuiendeleza upande wako, naye akabaki na ya kwake bila kuguswa. Ni ukarimu mkubwa, na ni shule kwa anayejifunza maana unaona wimbo wa mtu ulivyoshonwa ndani. Lakini huo huo ukarimu unakuruhusu usijibiwe. Wewe umeongeza filimbi, yeye hana haja ya kuipenda wala kuichukia. Kila mtu ana nakala yake, hakuna ugomvi. Na mimi siamini kazi ya pamoja isiyo na ugomvi. Pale Mombasa na Lamu walijibizana kwa sababu hapakuwa na nakala mbili za hoja. Ilikuwa moja, na kila mtu anaivutia kwake.

Kwa hiyo nikirudia Connected nasikia albamu iliyosimama katikati. Haikuwa duka, maana kila faili ilikuwa na jina la mtu mmoja aliyekuwa akiingoja upande wa pili. Haikufikia malumbano kamili, maana ngoma ilishafunga mlango kabla sauti haijaingia. Yenye kunigusa zaidi ni zile sehemu unapohisi Phonte anamfafanua mtu asiyemjua kwa kusikiliza vinanda vyake tu, kama tunavyomfahamu mwandishi kwa koma zake. Hizo ndizo dakika za kurudia. Nyingine ni nzuri, basi.

Ninyi mnaoanza kuchezea programu hizi, jaribuni kitu kimoja. Tuma sauti kavu kwanza, bila ngoma, mwache mpika biti ahangaike nayo. Ngoma itakuja na mwendo mwingine kabisa, maana safari hii yeye ndiye atakayelazimika kutafuta pa kupumulia.

Na wale wenzangu wa riwaya ya kwenye simu nimewajibu kwamba nitaingia, kwa sharti moja. Nikimuua mhusika kwenye sura ya nne, aliyeandika sura ya kwanza asije akaniambia sura yake imeshafungwa. Aifungue, arudi nyuma, ampe marehemu kikohozi. Wa Mwanza amekubali. Wengine wawili wanasema wanatafakari.